Kemia Ilipohamia Jumatano

Pale shuleni kila mtu alimwita Mwalimu Ratiba. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu, likijipumzikia. Yeye ndiye aliyepanga nani afundishe nini, lini na chumba gani, na ubao wake mpana ulijaza ukuta mzima wa chumba cha walimu: vikadi vya rangi vilivyobanwa kwa pini, bluu hesabu, kijani sayansi, nyekundu lugha. Mwalimu aliyetaka Ijumaa mchana apumzike alimletea chai. Aliyetaka kukwepa lile darasa la watundu baada ya chakula alimletea chai na biskuti. Ratiba alikunywa, akafuta mdomo, akasema, "Nitaangalia," na mara nyingi hakuangalia kitu. Lakini walimu hawakukoma kuleta, kwa sababu ratiba ikishabandikwa ukutani hakuna anayebishana nayo. Watu hubishana na mkuu, hubishana na wazazi, hata na kengele. Ratiba ikisema, imesema.

Mwaka huo kazi yake ilinenepa. Shule tatu za jirani zilikubaliana na chuo cha ufundi kilicho karibu: Jumatano mchana wanafunzi wa kidato cha tatu watakaopenda wapande basi moja, waende chuoni wakajifunze ufundi pamoja, na siku nyingine waendelee na masomo yao kama kawaida. Kulikuwa na useremala, ushonaji, umeme wa majumbani, mapishi ya hotelini, na ufundi wa friji na viyoyozi. Masharti yalikuwa mawili. Kwanza, kila shule iache Jumatano mchana wazi, isiweke somo zito. Pili, kozi isiyopata wanafunzi kumi kutoka shule zote tatu haifunguliwi.

Wazazi walipoitwa kuelezwa, mkuu wa shule alimsukuma Ratiba mbele. Yeye mwenyewe mkuu alikuwa mtu mwema, ila akishika kipaza sauti sauti inamkimbia.

"Wazazi wangu," Ratiba akaanza, "hizi kozi si kapu la kutupia walioshindwa. Hebu tuondoeni hiyo kutu kichwani."

Mama mmoja muuza ndoo na masufuria akasimama kabla hajaitwa. "Mwalimu, mimi mwanangu nimemleta asome, sijamleta ashike nyundo. Nyundo hata nyumbani ipo."

"Ipo, mama, sawa. Na ule mlango wako wa nyuma umekaa upande tangu lini?"

Ukumbi ukaangua kicheko, maana majirani zake walikuwemo na mlango waliujua. Mama mwenyewe akacheka huku akijifuta macho kwa pindo la nguo.

"Friji ikizima na ndani kuna nyama," Ratiba akaendelea, sasa amekolea, "utamwita nani? Utamwita mshairi aje aisomee? Mtoto anaweza kuwa na kemia mkono huu na bisibisi mkono huu. Bisibisi haimzuii mtu kuwa daktari!"

Baba mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Na wako je, Mwalimu? Wako utampeleka?"

"Wangu? Wangu ndiye wa kwanza!"

Wakapiga makofi. Muuza ndoo akamwandikisha kijana wake kozi ya friji palepale, akisema akifuzu aanze na ule mlango, hata kama si friji.

Sasa, Ratiba alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo alikuwa kidato cha tatu pale pale. Tangu alipokuwa mdogo akimfunga paka bandeji za mama yake muuguzi, baba alimwita Daktari. Jina likatoka nje ya nyumba likaenda kutembea. Kinyozi aliuliza, "Daktari wetu hajambo?" Mwenye bucha alimkatia Daktari mfupa wa supu. Shemeji zake, ambao kila wakikutana walihesabiana mafanikio ya watoto kama wacheza karata, walishaambiwa jambo hilo limekwisha, bado chuo kikuu tu kupewa taarifa.

Jioni ya mkutano, Daktari alikaa mezani macho yanamng'aa. Mchana alikuwa akiwagawia wazazi maji ukumbini na alisikia kila neno.

"Baba, leo uliwaweza! Mimi nimejiandikisha friji na viyoyozi."

Tonge la Ratiba likasimama njiani. Mkewe akampigapiga mgongoni.

"Friji?" akasema, sauti imerudi nusu.

"Friji, baba. Umewahi kuifungua kwa nyuma? Yule mwalimu wa chuoni, wanamwita Fundi Baridi, baada ya mkutano alituonyesha jinsi ile gesi inavyozunguka. Ni kemia tupu! Nilikuwa naikariri tu darasani, kumbe inafanya kazi nyumbani kwetu usiku kucha."

Ingekuwa rahisi kusema hapana. Lakini atasemaje hapana na makofi bado yanamlia masikioni? Alimwona kinyozi ameshika mkasi, akiuliza mbele ya wateja, "Siku hizi ni daktari wa friji, siyo?" Aliwaona shemeji zake wakitazamana kwa lile tabasamu lao la kona.

"Vizuri, mwanangu," akasema. "Tuone ratiba itakavyokaa."

Kesho yake asubuhi, walimu wakiwa uwanjani na wanafunzi, Ratiba alisimama peke yake mbele ya ubao wa ratiba mpya, ambayo wanafunzi walikuwa hawajapewa bado. Kikadi kimoja cha kijani, Kemia ya vitendo ya kidato cha tatu, kilikaa Ijumaa asubuhi. Akachomoa pini. Akakibandika Jumatano mchana. Ijumaa ikabaki na pengo, na pengo kwenye ubao uliojaa linapiga kelele kuliko mtoto mwenye njaa, kwa hiyo akakata kikadi cheupe, akaandika "Usafi wa maabara", akalifunika. Kazi yote ilimchukua muda wa kumenya chungwa.

Kwa mkuu alisema kemia ya vitendo inataka vipindi viwili vilivyoshikana na maabara tupu, na makubaliano au la, hakuna pengine pa kuiweka. Mkuu aliuogopa ule ubao kama watu wengine wanavyoogopa sindano. "Wewe ndiye unayejua," akasema, akaondoka haraka asije akaelezwa zaidi.

Kwa binti yake alisema, "Ratiba imekataa, mwanangu. Kemia imeangukia Jumatano."

Alikuwa amejiandaa kwa machozi. Kwa kununa alikuwa na jibu, kwa kelele alikuwa na jibu. Daktari akanyanyuka akammiminia baba yake chai.

"Usijali, baba. Najua umehangaika."

Mama yake alipotaka kuuliza maswali, binti akamkatiza: "Mama, muache. Amechoka. Unafikiri na yeye hajaumia?"

Ratiba akainamia kikombe. Chai ilikuwa na sukari ya kutosha, lakini iliteremka kama maji ya kuoshea vyombo.

Mambo hayakuishia hapo. Shule nzima, wanafunzi wa kemia waliojiandikisha kozi za chuoni walikuwa watatu, wote wa friji: Daktari, msichana mmoja mwenzake, na yule kijana wa muuza ndoo. Wote wakajitoa. Msichana akamsimamisha Ratiba barazani. "Asante, Mwalimu. Daktari ametuambia ulivyotupigania." Ratiba akasema, "Si kitu," na hilo kwa kweli lilikuwa neno lake la kwanza la ukweli wiki hiyo. Muuza ndoo naye akamvamia barabarani. "Nimesikia, Mwalimu. Basi tena, ulijitahidi. Na mimi nyumbani nilishaanza kumwita fundi, hata mlango nimeshaacha kuugombeza." Akamlazimisha kupokea bakuli la plastiki, zawadi. Mwalimu mzima akapita mtaani amekumbatia bakuli, akitamani barabara ingekuwa na kichochoro kila baada ya hatua.

Utani ukamtoka. Walimu wakajibiwa "nitaangalia" bila hata tabasamu. Alijiambia ni jambo la mwaka mmoja. Alijiambia kila mzazi angefanya hivyo. Alijiambia mengi, na yote aliyajibu mwenyewe, na hakuna jibu lililomshinda kama sauti ile: najua umehangaika.

Jumatatu iliyofuata Fundi Baridi alikuja shuleni. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na ovaroli lake lilikuwa na mifuko mingi kuliko suti ya waziri.

"Mkuu, nimekuja kulia," alisema, akijikalisha kwenye kiti kabla hajakaribishwa. "Kozi yangu inafungwa hata haijafunguliwa. Nimebaki na saba. Hoteli imenipa mafriji mabovu, nimeyapanga karakanani kama maiti, yananisubiri. Ijumaa wakubwa wangu wanakata shauri. Watatu wenu wamejitoa kwa sababu ya kemia. Yuko wapi huyo Mwalimu Ratiba? Nilimsikia siku ile ukumbini, mtu yule anaweza kumuuzia samaki maji. Atanitafutia njia."

Mkuu akafurahi kupata jambo lisilomhusu. Akamwongoza hadi chumba cha walimu, mbele ya ubao, alipokuwa Ratiba. Na mlangoni akasimama Daktari na daftari la hesabu kwapani. Alishaomba nafasi ya kumwona mkuu kwa niaba ya wenzake, na mkuu akaona bora wote wamalize pamoja.

"Mkuu, sisi tumejaribu kupanga wenyewe," binti akasema. Shuleni hakuwa akimwita baba, alimwita Mwalimu, na sasa alimtazama kwa haya kidogo, kama mtu anayegusa sufuria ya mwenzake jikoni. "Samahani, Mwalimu. Siyo kwamba hukujaribu. Ni kwamba wewe una madarasa yote kichwani, sisi tuna letu moja tu."

"Sema, mwanangu, sema," Fundi Baridi akamhimiza.

"Tumekata karatasi ndogondogo, tukazihamisha mezani mpaka mama akataka kuzifagia. Kila tukijaribu tunagonga ukuta, isipokuwa hapa." Akagusa kikadi cheupe. "Ijumaa asubuhi. Maabara haina darasa, ina usafi. Sasa usafi hauwezi kusogea?"

Palepale mlango ukasukumwa akaingia Mzee wa Chupa, mtunza maabara, akifuata kikombe chake. Mkuu akaona mwokozi.

"Mzee, huu usafi wako wa Ijumaa asubuhi, ni lazima?"

"Usafi gani?" Mzee akavaa miwani, akausogelea ubao, akasoma, akavua. "Mimi nasafisha jioni, mkuu, kila siku, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Ijumaa asubuhi niliambiwa niandae kemia ya vitendo. Nikapanga chupa zangu vizuri. Kisha nikaambiwa imehamia Jumatano. Nikasema haya, wakubwa wana mambo yao."

"Imehamia?" Mkuu akamgeukia Ratiba. "Si uliniambia haina pengine pa kukaa?"

Hata Mzee wa Chupa, aliyekuwa akikitikisa kikombe kuona kama kuna buibui, akaacha.

Daktari alikuwa bado ameweka kidole kwenye kikadi cheupe. Alikitazama, akatazama kijani cha Jumatano, kisha akamtazama baba yake. Ratiba aliona jambo likimwingia usoni taratibu, kama maji yanavyopanda kitambaani. Kidole kikashuka.

"Labda Mwalimu alichanganya," binti akasema. Sauti ilikuwa imekonda. "Ratiba ni ngumu, mkuu. Hata mimi imenipasua kichwa."

Alikuwa amemfungulia mlango. Ratiba alichotakiwa ni kupita tu. Aseme, "Ah, kweli, nilichanganya," wacheke, kikadi kirudi, Fundi Baridi apate watu wake, na mambo yaishe. Mdomo ukawa tayari kabisa. Lakini mtoto alikuwa amemfungulia mlango huo huku machozi yanamlengalenga, na huku anajua.

"Sikuchanganya," akasema.

"Unasemaje?" mkuu akauliza.

"Nilikihamisha kwa mkono wangu. Huyu mtoto alichagua friji, na mimi sikutaka. Nikaona aibu kumkataza baada ya maneno yote yale ukumbini. Nikaiachia ratiba imkataze."

Fundi Baridi akatoa kicheko kimoja, maana alidhani ni utani. "Si ungeniambia tu kwamba unaogopa baridi, Mwalimu!" Hakuna aliyemfuata. Kicheko kikamfia mdomoni, akaanza kujipapasa mifuko yake yote bila kutafuta kitu. "Na mimi nilikuja na shukrani," akasema chini chini. "Kwa ile hotuba."

"Rudisha," mkuu akasema. Safari hii sauti haikumkimbia.

Ratiba akachomoa pini, ikamwanguka, akaiokota chini ya meza mbele ya viatu vyao wote. Akabandika kijani Ijumaa. Hakuna kingine kilichohitaji kusogea, hata kikadi kimoja, na jinsi ilivyokuwa kazi ndogo ndiyo iliyomchoma. Alipogeuka, Daktari alikuwa ameshaondoka.

Jioni nyumbani mkewe aliisikia habari yote amesimama, bado amevaa sare ya hospitali.

"Hapana ni neno," akamwambia. "Linatamkika. Hata wagonjwa wangu waliong'olewa meno wanalitamka."

"Nilikosea, Mama Daktari."

"Usinitajie hilo jina leo. Limetuletea balaa."

Binti akatoka chumbani. Hakupiga kelele. Alikaa mbele ya baba yake, mikono magotini, kama mtu aliyekuja kudai kitu chake.

"Baba, ungenikataza, ningenuna. Tungegombana, labda ungeshinda, labda ningeshinda. Hilo nalijua, ndiyo nyumba yetu. Lakini wewe ulinifanya nikuonee huruma. Wiki nzima nimekuonea huruma. Nimewaambia wenzangu wakushukuru. Sasa nirudishie huruma yangu."

Ratiba, mtu aliyewahi kuwajibu wazazi ukumbi mzima, akasogeza kiti chake karibu na wake.

"Nifanye nini?" akauliza.

"Wale wawili bado hawajui kama wanaweza kurudi. Waambie wewe. Na usiwaambie ratiba imebadilika. Ratiba haina mikono."

Kwa yule msichana alikwenda kesho yake asubuhi, akamweleza barazani palepale aliposhukuriwa. Msichana alisikiliza akitazama viatu vyake. "Sawa, Mwalimu, nitarudi," akasema, akaondoka upesi kama mtu aliyemkuta mwalimu wake hajavaa shati. Akabaki mmoja, na bila huyo mmoja Fundi Baridi alikuwa na watu tisa na karakana ya maiti. Siku hiyo kijana hakuwepo shuleni; mama yake alikuwa amemshikilia kwenye shughuli za dukani, mzigo mpya ulikuwa umeingia.

Ratiba akafunga safari mchana juani. Muuza ndoo alikuwa mbele ya duka lake, akichomeka ndoo ndani ya ndoo, mnara unampita kimo.

"Mwalimu! Karibu, karibu. Lile bakuli halivuji?"

"Halivuji, mama. Nimekuja kwa jambo la kijana. Nafasi yake ipo, Jumatano anaweza kwenda." Akaona uso wake unafunguka kwa furaha, akaona hapo ndipo angeweza kugeuza njia, akajilazimisha. "Lakini haikupotea yenyewe. Niliipoteza mimi. Sikutaka binti yangu asome ufundi, nikaihamisha kemia makusudi ili imzuie. Ikamzuia na wako."

Muuza ndoo alichomeka ndoo nyingine, akaisukuma mpaka ikakaa.

"Wako ndiye wa kwanza," akasema. "Ulisema hivyo. Nilikaa safu ya mbele."

"Nilisema."

"Mimi mwanangu nyundo inamfaa. Wako haimfai."

"Ndivyo nilivyofanya, mama. Sina namna ya kulipamba."

"Basi usinipambie mimi. Mimi siye niliyefutiwa nafasi." Akageukia ndani. "We fundi! Njoo, Mwalimu wako ana neno lako."

Kijana akatoka amebeba masufuria kifuani, vumbi hadi kwenye kope. Alipomwona Ratiba alishtuka, akaweka mzigo chini haraka, akajifuta viganja kwenye suruali, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

Ratiba akafungua mdomo. Maisha yake yote ya kazi alikuwa amelijibu neno hilo mara zisizohesabika, akipita, akitafuna, akisahihisha madaftari, bila hata kuinua macho. Sasa halikujibika. Akaona kwanza lazima aseme lililomleta, na akalisema lote, akianzia mwisho, akarudi mwanzo, huku kijana akimtazama asijue aweke wapi uso wake.

"Kwa hiyo Jumatano niende?" kijana akauliza.

"Uende. Wanakungoja wewe tu."

"Na kemia?"

"Kemia iko Ijumaa, asubuhi. Ilikuwa hapo tangu mwanzo."

Kijana akamtazama mama yake kuona kama pana lolote zaidi. Mama alikuwa amesimama na ndoo mkononi, macho kwa Ratiba, hana hasira wala msamaha, anasubiri tu kama mtu anayesubiri chenji yake.

"Mwalimu," akasema, "mtoto amekuamkia."